Gesi ya Baba Tatiana

Habari za akaunti ile Peris alizipata kwenye chumba cha chai cha wodi, kutoka kwa Miradie, na Miradie ni mtu ambaye akipata kitu kizuri hakilali ndani kwake. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, viatu kavua, simu mkononi, uso umemchangamka.

"Banki yangu inanilipa, dada Peris," alisema kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Kila mwezi. Minalipa council tax, banki inarudisha kidogo. Minalipa maji, inarudisha. Minalipa internet, inarudisha tena. Juu ya nini weye unaacha pesa yako inapotea?"

"Inarudisha bure tu?"

"Bure itoke wapi, na huku ni Ulaya? Unawalipa pauni tano kila mwezi. Lakini yenye wanarudisha inapita hiyo."

Peris alikuwa muuguzi wa miaka mingi, sasa msimamizi wa wodi, na watu wa kazi hiyo hawamezi kidonge kabla ya kusoma karatasi iliyomo ndani ya boksi. Alimaliza chai yake, akasuuza kikombe, na Jumamosi iliyofuata akamkalisha binti yake mezani na laptopu.

Tatiana alizaliwa katika hospitali hiyohiyo anayofanya kazi mama yake. Alikuwa anasomea uhasibu chuoni. Kiswahili alikisikia chote, akakijibu chote kwa Kiingereza, na wazazi wake walishaacha kupigana na jambo hilo kama watu wanavyoacha kupigana na mvua ya Lewisham, mtaa wao.

"Okay, so there are three worth looking at," alisema.

Akaunti ya kwanza ndiyo ile ya Miradie. Ada pauni tano kwa mwezi. Inarudisha asilimia moja ya council tax, kodi ya halmashauri, na ya maji, mbili ya gesi na stima, tatu ya simu na internet, mradi bili zikatwe zenyewe kwa direct debit, na mradi mwenye akaunti aingize si chini ya pauni elfu moja na mia tano kila mwezi. Ya pili ada yake ilikuwa pauni tatu, lakini ilirudisha asilimia moja ya kila kitu, bila kubagua. Ya tatu haikuwa na ada kabisa. Ilitangaza marejesho kwa herufi kubwa, na kwa herufi za sisimizi ikaeleza kwamba marejesho hayo ni ya ununuzi wa dukani, tena kwa mwaka wa kwanza peke yake.

"Hiyo ya tatu ifunge," alisema Peris. "Sijaja hapa kuchumbiwa."

Tatiana akacheka, akapiga hesabu mbili zilizobaki. Ya kwanza, bili zote zikiingia, ingewaachia pauni tatu na peni kumi kwa mwezi baada ya kutoa ada. Ya pili isingefika hata pauni mbili. Si fedha za kujengea nyumba hizo. Lakini Peris alikulia katika nyumba ambayo nusu mche wa sabuni ulikuwa na historia, na wazo kwamba benki, ambayo maisha yake yote ilikuwa ikimkata, sasa ingemkatia yeye kipande, lilimfurahisha kuliko kiasi chenyewe.

"But it has to include the gas and electric," Tatiana alisema. "Look. Without that you're actually losing money. Fifty pence a month."

Bila gesi na stima, hasara peni hamsini. Hapo ndipo mambo yalipogota, kwa sababu kodi ya nyumba ilikuwa ya Peris, council tax ya Peris, maji ya Peris, simu na internet za Peris. Gesi na stima zilikuwa za Baba Tatiana.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Zamani mumewe, Naftali, ndiye aliyelipa kodi ya nyumba, na Peris akanunua chakula na nguo za mtoto, kama nyumba nyingi za Wakenya walizozijua. Kisha ghala alilofanyia kazi Naftali kule Charlton likafungwa, mgongo wake nao ukaamua kufungwa wakati huohuo, na alipopata kazi tena ilikuwa ya ulinzi, siku chache kwa wiki, katika jengo la maofisi upande wa pili wa mto. Kodi ikahamia kwa Peris "kwa muda". Baadaye council tax nayo ikahamia kwa muda. Muda huo ukazaa wajukuu. Kilichobaki mikononi mwa Naftali ni gesi na stima, na vitu hivyo viwili alivishika kwa mikono miwili.

Mita zao zilikuwa za kujaza kabla ya kutumia. Kila Jumamosi asubuhi Naftali alivaa shati lenye kola, akachukua ufunguo wa stima na kadi ya gesi, akateremka mpaka dukani kwa Kamal, akatoa noti zake. Alikaa huko saa nzima. Yeye na Kamal walizungumza mpira na bei ya vitunguu, na kila mteja aliyeingia alimkuta Naftali akikabidhiwa risiti kama mtu mwenye nyumba. Akirudi alizibana risiti mbili kwenye mlango wa friji, akatangaza.

Siku hiyo pia alitangaza. Aliingia na baridi yake, akavua kofia, akabana risiti.

"Tuko na stima mpaka Saturday ingine," alisema. "Na gesi pia. Sasa mwoge na maji moto bila kuogopa."

"Asante, Baba Tatiana," alisema Peris, kama alivyosema kila Jumamosi.

Tatiana alimtazama mama yake, kisha akaitazama laptopu. "Mum, just get a joint account," alinong'ona. "Both your wages go in, all the bills come out. Sorted. Everyone's parents have one."

"Hao everyone ni kina nani?" Peris alimnong'oneza naye. "Funga hiyo kitu."

Msomaji ambaye hajaishi na watu hawa atashangaa, kwa hiyo aelezwe. Peris na Naftali walikuwa wameoana miaka zaidi ya ishirini, na hakuna aliyewahi kuona hati ya mshahara ya mwenzake. Hawakuibiana wala hawakuchungana. Kwao hiyo ilikuwa adabu. Mwanamume hakumwuliza mkewe analipwa kiasi gani, kama vile hakupekua mkoba wake, na mwanamke hakumwuliza mumewe asije akaonekana anampima. Kila mmoja alikuwa na bili zake, akazilipa, na kilichobaki hakikuwa na jina. Wanawake wa fellowship, kikundi chao cha maombi, waliongeza kifungu chao wenyewe kwenye sheria hiyo: mume akijua mshahara wako leo, ndugu zake kule nyumbani Vihiga wataujua kesho, na keshokutwa kuna paa la bati linalokungoja ulilipie.

Peris alianza kunyamaza kwa sababu hiyo ya bati. Lakini alipopandishwa cheo, sababu ilibadilika. Siku hiyo alipika kuku, akamwambia mumewe cheo, Naftali akaomba kwa sauti na kumshukuru Mungu, na Peris hakutaja nambari. Alijua ni kubwa kuliko ya Naftali. Hakujua kwa kiasi gani, lakini alijua si kidogo. Alimwonea huruma. Aliona ni afadhali mume abaki na gesi na stima zake na risiti zake za Jumamosi, awe na kitu cha kusimamia, kuliko aonyeshwe kwamba mkewe angeweza kulipa vyote bila hata kukunja uso. Aliiita heshima. Wakati mwingine, akipanga akiba yake kimyakimya kwenye simu, alijipongeza kidogo kwa heshima hiyo.

Na akaunti ya pamoja ingemwanika. Kila mwisho wa mwezi mishahara miwili ingeingia mahali pamoja na kusimama ubavu kwa ubavu, mmoja mrefu na mmoja mfupi.

Zilibaki njia mbili: aachane na akaunti ile, au bili zote zikatwe kwake peke yake, kwa sababu kipato cha Naftali pengine kisingefika kile kima cha benki. Mtu mwingine angeiacha. Peris alilala nayo siku kadhaa, akapima ada na marejesho, marejesho na ada, na kila alipopima ilitoka pauni tatu na peni kumi. Jambo la pili, lile la mumewe, halikuwa na nambari, kwa hiyo halikuingia kwenye hesabu. Ndivyo mizani ya watu wengi ilivyo.

Alimwambia jikoni, akikata sukuma wiki, macho kwenye kisu.

"Baba Tatiana, kuna akaunti inarudisha pesa. Lakini inataka bili zote zitoke mahali pamoja. Na hizo mita za kujaza tuziache, kampuni itugeuzie, tuwe tunalipa mwisho wa mwezi. Naona ziende tu kwangu, wewe upumzike."

Naftali aliuliza: "Inarudisha ngapi?"

"Si haba. Mwaka ukiisha utaona."

"Sawa tu," alisema Naftali.

Katika Kiswahili kuna sawa nyingi. Kuna sawa ya kukubali, ipo ya kuchoka, ipo ya kumaliza mazungumzo ili mtu akatazame taarifa ya habari. Peris alikuwa na sikio zuri la kutofautisha maumivu ya wagonjwa, lakini hii ya nyumbani aliichukua kama ilivyokuja, kwa sababu ilimfaa.

Mita zikageuzwa. Naftali alimpa Peris hela mkononi mwezi wa kwanza, kiasi kilekile alichokuwa akimpelekea Kamal. Peris akamrudishia, akamwambia kwa moyo mweupe, "Wacha tu, nunua kitu chako." Mwezi uliofuata hakuleta. Mwisho wa mwezi marejesho yakaingia, Peris akamwonyesha Miradie simu, Miradie akapiga vigelegele hadi dada wa zamu akachungulia mlangoni kujua nani amejifungua.

Nyumbani Naftali hakubadilika kwa namna ambayo mtu angeweza kuinyooshea kidole. Alisali, alikula, aliuliza habari za chuo. Ila siku moja alisimama mlangoni mwa chumba cha kulala, Peris akikunja nguo, akauliza, "Mama Tatiana, naweza washa heater kidogo?"

Peris alicheka. Alidhani ni utani, na Naftali akacheka pia, akaenda akaiwasha. Siku nyingine akauliza tena. Mara ya tatu Peris hakucheka. Alisema, "Kwani siku hizi unaomba ruhusa?" na Naftali akajibu, "Kuuliza si ujinga," kwa upole kabisa, na upole huo ukamkera Peris jioni nzima.

Mwezi wa Januari ulipofika, baridi ilikuwa imekaa vibaya. Peris alitoka zamu ya asubuhi, akarudi nyumbani alasiri, akafungua mlango, na ndani kulikuwa baridi kama nje. Naftali alikuwa sebuleni, siku yake ya mapumziko. Alikuwa amevaa koti na kofia, blanketi magotini, mikono ameificha kwapani, anatazama televisheni iliyopunguzwa sauti.

"Heater imeharibika?"

"Hapana."

"Sasa mbona umekaa hivi?"

"Nilikuwa nakungoja."

"Ungoje nini, Baba Tatiana?"

"Si gesi ni yako," alisema Naftali.

Hakusema kwa kisirani. Angesema kwa kisirani Peris angekuwa na pa kushika, wangegombana kidogo na kuishia kwenye chai. Alisema kama mtu anayekumbusha ratiba ya basi. Peris akaenda kwenye kidude cha ukutani, akawasha, akasimama hapo akisikiliza boila ikinguruma. Aliona aibu. Kisha akakasirika, kwanza na Naftali, halafu na Miradie, halafu na benki, na alipokwisha kuwazunguka wote akajikuta amerudi kwake mwenyewe.

Alitaka kurudisha mambo yalivyokuwa. Tatiana akaipigia kampuni simu kwa niaba yake, na kampuni ikasema mita zinaweza kurudishwa kuwa za kujaza, ila bei ya kila uniti ingebadilika na mkataba uvunjwe, na binti huyo alipoeleza hayo alimwangalia mama yake kwa namna ya kumhurumia.

"Or," alisema, "you could just do what I told you in the first place."

Ndiyo ikawa. Jumapili baada ya ibada, Peris aliketi kwenye kochi karibu na mumewe, akamwambia anataka akaunti ile iwe ya wote wawili, majina mawili, gesi na stima ziwe za wote. Naftali alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Ya pamoja?" alisema. "Na ile maneno ya fellowship?"

"Fellowship haikai kwa hii nyumba."

Naftali alitabasamu, tabasamu halisi, la kwanza kwa wiki nyingi, na Peris alifurahi sana kuliona. Wakaanza. Simu ya Peris iliuliza majina, tarehe za kuzaliwa, anwani, wakajaza, wakacheka kwamba Naftali alikuwa amesahau namba yake mwenyewe ya simu. Kisha ikauliza kipato cha kila mmoja kwa mwezi, baada ya makato.

Naftali aliandika kwanza, kidole kimoja, polepole. Pauni elfu moja na tisini. Akampa Peris simu.

Peris aliitazama nambari ile. Alikuwa amedhani ni mia kadhaa zaidi. Toa fungu la kumi, toa ada ya shule ya watoto wa marehemu kaka yake, ambayo alijua Naftali hakuiruka hata mwezi mmoja, toa gesi na stima kwa bei za miaka hii, kisha tafuta kilichobaki. Alitafuta na hakukiona. Mumewe alikuwa anamngoja, bega lake limegusa lake, anapumua taratibu. Peris angeweza kuandika nusu. Benki ilitaka kima cha chini tu, na nusu ingepita. Mkono wake ulielekea huko. Lakini alimkumbuka na kofia yake sebuleni, akaandika ukweli: elfu tatu, mia mbili na sitini.

Boila ilizimika, ikawaka tena.

"Hiyo ni ya mwezi?" aliuliza Naftali.

"Ya mwezi."

"Tangu lini?"

"Tangu nipandishwe. Hata kabla, haikuwa mbali sana na hapo."

Naftali alitikisa kichwa mara kadhaa, bila hasira, kama mtu anayepiga hesabu ya kitu kilichopita zamani.

"Unajua mimi huenda kazini na nini?"

"Si treni, ile DLR."

"Huwa natembea," alisema. "Tangu gesi ipande bei. Natoka hapa, nashuka mpaka Greenwich, naingia ile njia ya chini ya mto, natokea ng'ambo. Kurudi ni hivyo hivyo. Ile pesa ya treni ndiyo ilikuwa inaenda kwa Kamal."

Peris alifungua mdomo. Maneno ya kwanza yaliyokuja hayakuwa mazuri. "Na huo mgongo wako?"

"Mgongo ulizoea."

"Mbona hukuniambia, Baba Tatiana?"

"Ningekuambia nini? Ati hata gesi imenishinda?"

"Mimi nilikuachia gesi kwa heshima," alisema Peris. "Nilitaka uwe na kitu chako. Haki ya Mungu."

"Najua ni heshima. Sisemi ulinifanyia ubaya." Naftali alitazama nambari mbili zilizokaa juu na chini kwenye kioo cha simu. "Lakini mimi sikuwa natembea kwa sababu ya heshima. Niliona unarudi umechoka, unafanya overtime, kodi ni yako, kila kitu ni chako. Nikasema huyu mama hana. Nikasema nikikuongezea na gesi utaanguka. Nilidhani tunabanwa wote wawili."

Peris alikuwa amewashika mikono watu waliokuwa wakifa, akajua la kuwaambia, lakini hili hakulijua. Naftali aliichukua simu kutoka mkononi mwake, akabonyeza palipoandikwa kukubali, akamrudishia. Akamwambia kwamba zamu yake leo inaanza saa kumi, akasimama kwa kujishikilia kwenye mkono wa kochi, akaenda kujitayarisha.

Benki ikawashukuru wote wawili kwa majina yao kamili. Peris alibaki ameketi, simu mapajani. Kwa miaka yote ile alikuwa na la kumwuliza, swali fupi tu, hiyo gesi unaiweza, ambalo mke yeyote angeweza kuuliza akiepua chai, na hakuuliza, kwa adabu. Alijiona mwizi. Aliyeibiwa alikuwa bafuni, anaoga ili aende kazini.